Nani Atamshika Mkono Madam

Madam hakuwa mtu mwema. Nalisema mapema msije mkanilaumu mbele ya safari, maana desturi yetu naijua: mtu akishazeeka, au akishapigwa na kiharusi, ghafla anageuka malaika, na kila aliyewahi kutukanwa naye anaapa kwamba lile lilikuwa tusi la mapenzi. Langu mimi halikuwa la mapenzi. Aliponiita kichwa cha kufugia nywele alimaanisha hivyo hivyo, na darasa zima lilimwelewa.

Alifundisha biashara katika chuo chetu cha Mtopanga, chuo kidogo chenye ghorofa moja na ukumbi wa mabati. Jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwake, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mama wa mahamri aliyekaa nje ya geti, asiyejua chuo kinafundisha nini, alimwita Madam. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa katibu wa chama cha wahitimu, kazi isiyo na mshahara wala shukrani, ambayo nusu yake ilikuwa kumbebea mkoba. Kwa hiyo nimemjua kwa pande zote mbili, upande wa kupigwa na upande wa kutembea nyuma yake.

Nianze na kinywa, maana ndicho kilichomtangulia popote. Madam hakupiga kelele. Alisema kelele ni za watu wasiojua kutukana. Alikuangalia kwanza, polepole, kuanzia viatu, na akifika usoni ameshajua pa kukuchoma. Kijana wa Magogoni aliyechelewa siku ya mvua, maji yakimchuruzika mpaka kwenye soksi, aliulizwa, "Kwani mvua ilinyesha kwenu peke yenu?" Mwingine alijieleza kuhusu baba yake mgonjwa, akajibiwa kwamba sababu hazijazi kibaba. Msichana aliyekuja na kucha ndefu za rangi aliambiwa azitunze vizuri, maana hizo ndizo mali atakazoondoka nazo chuoni. Tulicheka. Na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa, wallahi: alikuwa mcheshi. Mtu mkali asiyechekesha unaweza kumchukia na roho yako ikatulia. Yeye alikuchekesha juu ya mwenzako, na ukishamaliza kucheka unakuta mmemchoma wawili.

Dada yangu, Mwanahamisi, alisoma pale kabla yangu. Madam alikuwa na zoezi lake: aliweka meza mbele ya darasa, akaiita duka. Mwanafunzi mmoja alisimama nyuma ya meza, mwingine akaja kama mteja, na Madam akakaa pembeni akisubiri kosa. Ilipofika zamu ya dada, Madam alikuja yeye mwenyewe kuwa mteja. Wakati ule mama alikuwa mgonjwa, na dada ndiye aliyeshika karai la samaki barazani kwetu. Alikaanga tangu alfajiri, akajimwagia maji, akavaa buibui, akatembea mpaka chuoni. Madam aliinama juu ya meza, akavuta pumzi kwa pua, akajinyoosha.

"Mteja hununua kwa pua kabla ya macho," akaliambia darasa. "Kwa mtu anayenuka samaki hivi, mimi sinunui hata maji."

Darasa likaangua kicheko. Dada alichukua mkoba wake akatoka, na hakurudi, si kesho yake, si muhula uliofuata. Nyumbani kwetu yeye ndiye aliyekuwa na akili ya vitabu, si mimi. Mama alidhani ameacha kwa ajili ya kumuuguza, akamwombea dua kila swala, na dada akaziacha dua zile zipite hivyo hivyo.

Baadaye mama alipopata nafuu alinipeleka mimi chuo hicho hicho, kwa kuwa kilikuwa karibu. Nilijua kilichomtoa dada, na nikaenda. Sikumwambia Madam mimi ni ndugu wa nani, naye hakuuliza. Ukoo wa mtu haukumhusu. Alikuwa akisema anafundisha watu, hafundishi milango.

Sasa msidhani alikuwa jiwe tupu, maana jiwe lingekuwa rahisi kulieleza. Huyu mwanamke aliyetufundisha kupatana bei mpaka mtu wa pili atoe jasho, yeye mwenyewe hakuweza kupatana. Nilikwenda naye sokoni Kongowea mara nyingi. Wauza nyanya walimjua. Walipomwona anakuja na viatu vyake vya kufunika na mwavuli wake, bei ilipanda kabla hajafika. Yeye aliuliza, akaambiwa, akalipa, akasema, "Ahsante, mwanangu." Nilimuuliza siku moja, mbona hupunguziwi, Madam? Akaniangalia kama nimemvua nguo barabarani. "Naona haya," akasema. Ndiyo mara ya pekee nilipolisikia neno hilo kinywani mwake.

Na alikuwa mwoga wa feri. Kila tulipokwenda Likoni kwa shughuli za chama, Madam alisimama katikati ya umati, akafumba macho, akamshika nguo mtu yeyote aliyekuwa karibu naye, awe mchukuzi au mke wa mtu, na hakuachia mpaka ng'ambo. Watu walimwonea huruma, wakamwambia, "Pole, mama, tumeshafika." Akifumbua macho akajinyoosha, hakumtazama tena yule aliyemshika. Hakusema ahsante. Mara moja alimwambia kijana aliyemsitiri njia nzima kwamba shati lake linahitaji sabuni.

Halafu kuna habari ya bawabu wetu, mzee wa Kigiriama aliyelinda geti kabla hata ya Madam kuja. Mzee alipolazwa hospitalini, watoto wake walikuwa mbali, Ganze huko, na Madam ndiye aliyempelekea uji. Si mara moja. Wiki baada ya wiki, mchana, akitoka darasani na chupa ya chai mkononi. Alimlisha kwa kijiko mwenyewe. "Meza, mzee, usinichezee, nimeacha watu darasani." Mzee alitusimulia huku akicheka mpaka machozi. Alipopona akarudi kazini, na mwezi haukwisha, Madam alimkuta amesinzia getini saa nane mchana. Alikwenda moja kwa moja ofisini akamshtaki, na mzee akafukuzwa. Tulipomlalamikia alishangaa kweli. "Uji ni uji," akasema, "na geti ni geti." Mzee alirudi kwao Ganze na hatukumwona tena.

Mimi alinifunza kazi, na sitakana. Kila ninachokijua cha kusimama mbele ya watu, kuandika barua ikaeleweka, kumwambia tajiri hapana bila kutetemeka, nilikitoa kwake. Sijui kama kilikuwa na thamani ya bei aliyotoza. Kuna siku naona ndiyo, na kuna siku nikipita kibandani kwa dada, anapouza samaki, nikamwona amejipangusa jasho kwa kanga, naona hapana.

Lakini kilichomfanya ajulikane kutoka Kisauni mpaka Changamwe hakikuwa kinywa wala uji. Kilikuwa Siku ya Heshima.

Kila mwaka chuo huwapa heshima wahitimu wake waliofanikiwa: wenye malori Changamwe, wenye maduka ya jumla Likoni, waliochimba visima, waliojenga madarasa. Kwingine mtu akiheshimiwa huitwa, akapanda jukwaani peke yake, akapewa ngao, akapigwa picha, akashuka tumbo likiwa mbele. Madam alisema huo ni upuuzi. "Mnasema ameongoza watu na kuwatumikia watu. Hao watu wako wapi?" Akaweka kanuni yake, na wakuu wa chuo wa wakati ule, waliomwogopa, wakaikubali. Anayeheshimiwa hapandi peke yake. Anashikwa mkono na mtu mmoja aliyewahi kuwa chini yake au kupita mikononi mwake, na huyo anapewa kipaza sauti aseme alichotendewa, kizuri na kibaya. Anayeheshimiwa haambiwi mapema ni nani atakuja. Huyo mtu tulimwita mkono. Na kanuni ilisema asiyepata mkono hapati ngao. Jina linasomwa, kisha linafuata jingine.

Mikono aliitafuta Madam mwenyewe, nami nikimfuata na mkoba. Tuliingia vichochoro vya Jomvu Kuu, tukakaa kwenye mikeka ya watu tusiowajua, tukanywa chai ya tangawizi, na Madam akauliza: fulani mnamjua? Aliwahi kukutendea nini? Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo darasani hakulifanya kamwe.

Mwaka mmoja tulimheshimu tajiri wa malori wa Changamwe. Alikuja na familia nzima, wamevaa sare za kitambaa kimoja. Jina lake likaitwa, akasimama, na kutoka nyuma ya ukumbi akaja mtu wa makamo anayechechemea. Tajiri alipomwona alitaka kukaa tena. Yule mtu akamshika mkono, wakapanda, akachukua kipaza sauti. "Huyu tajiri alinitoa kwenye gereji ya kukata vyuma, akanifundisha lori, nikajenga nyumba," akasema. Ukumbi ukapiga makofi. Akangoja makofi yaishe. "Nilipovunjika mguu katika lori lake, alinifukuza kwa simu. Hakuja hata kunijulia hali." Kisha akampa mkono, akashuka. Tajiri alipewa ngao yake, akaipokea kama mtu aliyepewa karatasi ya mahakamani. Madam alikuwa mstari wa mbele, amekunja mikono, ameridhika.

Lakini kulikuwa na siku nyingine pia. Mama mmoja wa Likoni, mhitimu wetu, alikuwa amejenga vyoo vya wanawake pale sokoni. Mkono wake ulikuwa bibi muuza mchicha, mfupi, kipaza sauti kikashushwa mpaka kifuani ndipo kikamfikia. "Mimi nilikuwa nikijizuia tangu asubuhi mpaka magharibi," akasema. "Sasa sijizuii." Basi. Ukumbi ulicheka, kisha ukalia. Kwa sababu ya bibi yule watu waliendelea kukubali kushikwa mkono. Kila mmoja alitumaini mkono wake utakuwa ule wa mchicha, si ule wa lori.

Kuna aliyekosa kabisa. Tulizunguka mtaani kwake siku nyingi, hatukupata hata mmoja aliyekubali kusimama. Ningelikuwa mimi ningemwambia asije. Madam alimwacha aje. Alikaa mstari wa mbele na mkewe, amevaa kanzu mpya, jina likasomwa, likapitwa, na wao wakakaa pale mpaka chakula kikaletwa, wakala. Nilimwona mkewe akimwekea nyama kwenye sahani bila kumwangalia. Sitasahau, na nilimchukia Madam siku ile kwa moyo wangu wote.

Kisha Madam akapata kiharusi. Mguu wa kushoto ulilemaa, mkono wa upande huo ukadhoofika, akashika fimbo, akastaafu. Mdomo haukuguswa, Mungu ana mambo yake. Na chuo kikapata Mkurugenzi mpya, kijana wa suti za kubana, ambaye zamani aliwahi kuulizwa na Madam mbele ya darasa kama suruali ile ni yake au ya mdogo wake.

Kwenye kikao cha kamati, mmoja akapendekeza kwamba mwaka huu tumheshimu Madam. Mkurugenzi akatabasamu. Wazo zuri, akasema, tena limechelewa. Akachezea kalamu.

"Na iwe kwa kanuni yake mwenyewe," akasema. "Au si haki? Katibu, mtafutie mkono."

Nilikwenda kwake Magogoni kumpa habari. Nilidhani atatema moto, atasema hataki ngao ya watoto. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya stuli. Nilipomwambia, uso wake ulifanya jambo ambalo sikuwa nimeliona: ulilegea.

"Kweli?" akauliza.

"Kweli, Madam."

"Nilidhani mmenisahau." Akapapasa fimbo yake. "Mwambie fundi aje anipime. Nimekonda, nguo zote zinanipwaya."

Alikuwa anaitaka. Mwanamke aliyewavua nguo watu wazima mbele ya wake zao alikuwa anaitaka ngao ile kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi. Aliniuliza nani atasoma jina lake, ukumbi utapambwa vipi, wanafunzi wa miaka ya mwanzo wataalikwa au la. Hakuniuliza habari ya mkono. Kwa kanuni hakutakiwa kuuliza, na nadhani haikumpitikia kwamba huenda asipatikane.

Nikaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa mwenye duka kubwa Likoni, mtu ambaye Madam alimsomesha kuhesabu mpaka akawa alivyo. "Mungu ambariki, alinifunza," akaniambia. "Lakini nikaseme yote mbele ya wanangu? Wanangu hawajui mimi niliwahi kulia chooni." Akanipa soda, akanisindikiza. Wakala wa forodha wa Changamwe alisema atakuwa safarini. Nilimuuliza safari ya lini, naye akaniuliza sherehe ni lini. Jomvu Kuu nilimkuta mwenzangu wa darasa moja akipaka rangi ukuta wa nyumba yake. Hakushuka kwenye ngazi. "Mwambie nimekufa," akasema, akachovya brashi. Wanawake ndio waliokuwa wapole zaidi na wagumu zaidi. Walinikaribisha, walinilisha, walimwombea Madam afya, na kila mmoja alisema hapana.

Mimi nisingeweza kuwa mkono. Kanuni ilikataza watu wa kamati. Na hata isingekataza nisingekubali, kwa ajili ya dada.

Zilipobaki siku chache nilipita kibandani kwa dada. Siku hizi ana mahali pake pazuri Mtopanga, mabenchi na meza za kigae, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na foleni ya watu saa saba. Nilikaa nikamwambia yote, kama mtu anavyotua mzigo popote. Mkurugenzi anasubiri meno nje, nikasema. Madam ameshashonesha nguo. Jina litasomwa litapitwa, na yeye amekaa pale mbele na fimbo.

Dada alikuwa akiparua magamba ya samaki aina ya changu. Hakuinua macho.

"Mimi nitakwenda," akasema.

"Dada."

"Mkono si mtu aliyepita mikononi mwake? Mimi nilipita."

"Utasema nini?"

"Alichonitendea. Si ndiyo kanuni?"

Nilimsihi. Nilimwambia ni mgonjwa, ni mzee, mguu hauna nguvu. Nikamwambia akienda aseme kwa upole. Hapo ndipo alipoinua macho. "Mimi nilikuwa msichana mdogo na mama mgonjwa ndani," akasema. "Nani alimwambia yeye aseme kwa upole?" Ningeweza kumzuia, nadhani; ningesema jina lake halikubaliwi na kamati, angenielewa. Lakini bila yeye Madam hakuwa na mtu yeyote, na pamoja na yeye alikuwa na mtu atakayemchoma. Nikaliandika jina la dada, nikampelekea mshereheshaji, na usingizi nikaukosa.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa. Wahitimu wa zamani walikuja wengi ajabu, wengine wale wale walionikatalia, wamekaa nyuma karibu na mlango. Hawakuja kumheshimu. Walikuja kuona. Mkurugenzi alikuwa jukwaani, ngao iko mezani mbele yake, imefunikwa kitambaa. Madam nilimleta mimi. Alivaa gauni jipya la kitenge cha zambarau na kilemba chake, akakaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, fimbo kati ya magoti. Alikuwa amejipaka wanja. Sikuwahi kumwona na wanja.

Jina lake likasomwa. Kwa mara ya kwanza tukalisikia lote, na baadhi ya watu waligeuka kuuliza ni nani huyo. Madam aliinuka kwa fimbo, akasimama, akangoja. Mkurugenzi naye akangoja, na nilimwona akijizuia asitabasamu. Madam aligeuza kichwa kidogo kutazama nyuma, akarudisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye fimbo, na wa kushoto, ule dhaifu, alikuwa ameunyoosha kando, tayari kushikwa.

Dada akatoka mlango wa pembeni, buibui jeusi, uso wazi. Akaupokea mkono ule. Wakapanda ngazi za jukwaa, hatua na kituo, hatua na kituo, na ukumbi mzima ukawatazama. Pale juu akapewa kipaza sauti. Hakuachia mkono, maana angeuachia Madam angeanguka.

"Naitwa Mwanahamisi," akasema. "Nilisoma kwa Madam kabla sijaacha. Siku ya zoezi la duka aliniinamia, akaninusa, akawaambia wenzangu kwamba kwa mtu anayenuka samaki hivi hanunui hata maji. Nilikuwa nikikaanga samaki alfajiri kwa kuwa mama yangu alikuwa kitandani. Walicheka. Sikurudi. Sikumwambia mama mpaka amekufa." Akavuta pumzi. "Nimeambiwa niseme na mazuri. Nimetafuta sana. Sina."

Wale wa nyuma walikuwa wameinamisha vichwa, na mimi nilijua kila mmoja ana kisa chake cha meza ile. Hata Mkurugenzi hakuwa na raha tena, alikuwa akiitazama ngao. Madam alinyoosha mkono wa fimbo, fimbo ikaegemea kiunoni, akachukua kipaza sauti.

"Ni kweli," akasema. "Maneno hayo ni yangu."

Akakirudisha. Mkurugenzi akampa ngao haraka haraka, na kwa kuwa Madam hakuwa na mkono wa kuishikia, dada ndiye aliyeipokea. Akaikumbatia kwapani, akamgeuza Madam taratibu. "Angalia ngazi, Madam," akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, na wakashuka. Akamkalisha kitini, akamwekea ngao mapajani, akatoka kwa mlango ule ule. Makofi yalipigwa na watu wachache, kisha yakaona aibu yakakoma.

Nilimrudisha Madam nyumbani kwa gari la rafiki yangu. Nilimfunga mkanda kwa kuwa mkono wake haukuweza. Nilikuwa nangoja alie, au atukane, au aombe radhi. Kusema kweli nilikuwa naomba Mungu aombe radhi, hata kwangu tu, nikampelekee dada. Tukapita soko, tukapita msikiti. Tulipoingia Magogoni akauliza:

"Yule mwanamke ni nani?"

"Ni dada yangu, Madam. Tumbo moja."

Akafikiri. Nilimwona akifikiri kwa bidii, amekunja paji la uso kama alivyokuwa akisahihisha mitihani.

"Simkumbuki," akasema.

"Umesema ni kweli."

"Maneno nimeyatambua. Hayo ni maneno yangu, namna yangu hasa. Nitakuwa nimeyasema." Akaitazama ngao mapajani. "Lakini yeye simkumbuki. Wamepita wengi mno."

Nikamshusha, nikamwingiza ndani, nikamwekea maji karibu na kitanda. Aliniambia niiweke ngao juu ya kabati la vyombo, mahali mgeni akiingia ataiona. Nikaiweka. Akaniambia iko upande, niinyooshe. Nikainyoosha.

Kesho yake mchana nilikwenda kibandani. Foleni ilikuwa ndefu, na dada alikuwa karaini, kijiko cha matundu mkononi. Aliniona, akanisogezea benchi kwa mguu bila kuacha kazi. Hakuwa mtu wa kuuliza. Aliwapakulia watu wawili watatu kwanza.

"Alisema nini kwenye gari?"

Nilikuwa nimetunga uongo njia nzima, uongo mzuri, wenye machozi ndani yake. Nilipomwangalia usoni ukanikauka.

"Hakukumbuki, dada. Anajua maneno ni yake. Wewe hakukumbuki."

"Hata ile siku?"

"Hata ile siku."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Aliendelea kugeuza samaki, mmoja, kisha mwingine. Halafu akanipa kile kijiko cha matundu, akapangusa mikono kwa kanga, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa saa ya kazi. Mtu wa mbele kwenye foleni akauliza kama changu wake tayari. Nikamwambia angoje kidogo, nikasimama karaini.